Rangi Juu ya Radari

Sanduku lilikuja na lori kutoka stesheni ya gari la moshi. Lilikuwa limepigiliwa mbao na misumari pande zote, na juu yake walikuwa wamechora picha ya glasi, alama ya kusema: shusheni polepole, itapasuka. Sisi watu wa bato, ile meli ya mutoni, tuliiona ile glasi tukajua ni pombe ya Wazungu. Nasema kweli, hakuna muzigo tuliowahi kuubeba kwa upendo kama ule. Watu sita, hatua kwa hatua, kama tunamupeleka bibi arusi. Kumbe ndani iko radari.

Bato yetu ilikuwa ya Leta, yaani serikali, ya chuma, si kubwa. Kazi yake ni kupanda na kushuka juu ya muto Lualaba, kutoka bandari ya Kasongo kupita Nyangwe mupaka Kibombo, kupima kina cha maji na kupanga maboya pale muchanga umehama. Muchanga wa Lualaba ni kama mugeni asiyeaga: jana mumemuacha hapa, leo hayupo, na hamujui amelala kwa nani. Mimi nilikuwa mutu wa grisi, mule chini kwenye mashini. Nilikuwa na muke lakini mutoto bado, na karatasi yangu ya kazi ilikuwa ya majaribio tu.

Hapa lazima niseme habari ya pamba, mutanisamehe, maana bila pamba hamutaelewa kwa nini niliogopa vile kupoteza ile karatasi.

Kwetu ni upande wa Kabambare. Kule kila mwanaume alikuwa na shamba la pamba, apende asipende. Moniteri wa pamba, musimamizi wa Leta, alikuja na kamba yake, anapima: kutoka hapa mupaka pale ni yako. Majani yakiota ndani yake, ni boloko, unafungwa. Mimi nililala boloko siku saba kwa sababu ya majani ambayo hata mbuzi asingeyaona. Baba yangu alisema, “Mwanangu, hii pamba hatuili, hatuivai, na inatukula.” Basi nikatembea kwa miguu mupaka Kasongo, maana mutu mwenye karatasi ya kazi ya Leta hawamupimii shamba. Iliandikwa wazi: karatasi ikifa, unarudi kwenu. Na kwenu ni kamba ya moniteri. Kila usiku nilikuwa naiweka ile karatasi chini ya kichwa. Muke wangu alikuwa ananicheka, anasema nimeoa wake wawili.

Sasa radari. Pamoja na sanduku alikuja Muzungu mumoja mwembamba, fundi, wa kukaa nasi juma mbili tu. Alitaka mutu mumoja wa kumuachia mashini. Alituita wote, akatupa kila mutu kisanduku kidogo chenye skrubu ishirini, akasema: fungueni, kisha mufunge tena. Wengine walibakiza skrubu tatu mukononi, wengine wakatafuta chini ya viti. Mimi nilitandika kitambaa, nikapanga skrubu kwa musitari, ile ya kwanza kutoka iwe ya mwisho kurudi. Hayo ni mazoea ya kuchagua pamba, nyeupe huku, ya manjano kule. Mutaona, hata adui anaweza kukufundisha kitu.

Fundi akaniangalia, akasema, “Wewe. Umesoma?”

“Miaka mbili, Bwana, kwa Mapadri. Ya tatu walinifukuza.”

“Juu ya nini?”

“Juu ya mapapai ya Padri.”

Akacheka mupaka akakohoa. Tangu siku ile mimi nikawa mutu wa radari, kwa majaribio.

Juma mbili zile sikulala vizuri kwa furaha! Nani angelala? Kulikuwa na kioo cha duara, giza ndani, na musitari wa kijani unazunguka, unazunguka, na kila ulipopita uliacha picha ya muto: ukingo huu, ukingo ule, kisiwa, boya tuliloliweka sisi wenyewe. Mtumbwi mumoja ulikuwa kama mbegu ya ulezi. Unaangalia mbegu, unatoka nje, unamuona mwenye mtumbwi anavua samaki wake na hajui kwamba umemuona ndani ya sanduku. Nilipiga kelele. Fundi akasema, “Usipige kelele, piga grisi.”

Maana kazi yenyewe ni kutunza. Kwa kuwa sikujua kusoma vizuri, alinichorea kwenye kaye, yaani daftari. Asubuhi, kabla bato haijaondoka, panda juu uangalie anteni kwa macho. Jumamosi, ioshe kwa maji ya mvua na sabuni, kwa kitambaa laini, usikwangue na chuma. Mwisho wa mwezi, grisi kwenye shingo yake inayozunguka. Na picha moja alichora mara mbili kwa wino mwekundu: ndoo ya rangi, na juu yake musalaba. Anteni ilikuwa na mudomo mudogo mbele, umefunikwa na kipande chembamba kisicho chuma. Nguvu inatokea pale na kurudi pale. Hapo pasipakwe rangi kamwe, hasa ile ya fedha tunayopaka kwenye bomba la moshi, maana ndani yake iko unga wa chuma. Nguvu ikiugusa inarudi nyuma kama mupira uliopiga ukuta.

Halafu akanionyesha mukono wake wa kushoto. Vidole viwili vilikuwa vimejikunja kama makucha ya kuku aliyechemshwa. “Nilikuwa ndani ya mashini,” akasema, “na rafiki yangu akawasha. Hakuwa mubaya. Hakujua.”

Ndiyo sababu ya sheria yake. Kuna fizibili mbili, vijiti vidogo vya kioo ambavyo moto wa umeme unapitia. Ukitaka kugusa mashini au kupanda kwenye anteni, unazima, unatoa fizibili, unaziweka ndani ya mufuko wa shati lako, unafunga kifungo. Si mufuko wa kapiteni, wala mezani. Wako. Mwenye kupanda ndiye mwenye fizibili, na hata mufalme wa Ulaya akija, hawezi kuwasha. Kisha unangoja, maana moto unabaki mule ndani kama joto ndani ya chungu. Fundi alingoja muda wa sigara moja. Mimi sivuti, basi nilikuwa nasali Salamu Maria kumi. Fundi alinisikiliza mara ya kwanza, saa yake mukononi, akasema, “Ni sawasawa. Lakini usisali haraka.”

Akaondoka. Nikabaki mimi na kaye.

Habari ikafika: mukubwa mumoja wa Leta anakuja kuangalia kama radari inafaa kwenye muto wetu. Ikifaa, inabaki, na mutu wake anapewa karatasi ya kweli. Isipofaa, inarudi ndani ya sanduku lake, na bato itapunguza watu. Kapiteni wetu, Mubelgiji munene asiyependa maneno mengi, aliniita akaniambia hayo yote kwa sentensi mbili. Nikahesabu: zimebaki siku tano.

Ninyi ambao hamukuona wakati ule, hamujui mukubwa akitembelea inakuwaje. Kila kitu kinapakwa. Barabara ya Kabambare, mawe ya kando yalipakwa chokaa, jiwe kwa jiwe. Miti ilipakwa mupaka kiunoni kama imevaa kaputula. Kijiji kimoja walipaka hadi mabanda ya kuku. Ilikuwa ndiyo heshima. Mukubwa asikute kitu kinachosimama bila rangi.

Na kapita wetu, musimamizi wa kazi za juu ya bato, mwenye kamba na ndoo na brashi, alikuwa shemeji yangu, kaka mukubwa wa muke wangu. Mutu safi. Mwislamu wa Kasongo, kanzu yake siku ya Ijumaa ilikuwa inaumiza macho. Ndiye aliyenipa dada yake, nami sikuwa na kitu. Mutu kama huyo huwezi kumusemesha kwa sauti ya juu. Jioni ile kabla ya safari na mukubwa, mimi nilikuwa chini kwenye mashini, nimelala chini ya shafti na kopo la grisi, na kule juu nasikia brashi: shua, shua, shua.

Asubuhi. Sasa niseme kosa langu, maana na mimi ninalo langu. Kaye ilisema panda uangalie. Sikupanda. Nilikuwa napiga shati pasi. Pasi ya makaa, nikaogopa itaunguza kola, nikakaa nayo muda murefu. Nilipotoka, niliinua kichwa nikaona mulingoti wote unang'aa na anteni juu yake inang'aa kama kikombe cha misa. Nikafurahi! Nikamwambia shemeji, “Shemeji, leo bato yetu ni arusi.”

“Subiri aone,” akasema, akajipangusa mikono. “Huyu hajaona bato safi tangu alipozaliwa.”

Mukubwa akapanda, nguo nyeupe, kofia ngumu. Tukaondoka. Ilikuwa kipwa, ule wakati mvua imekauka na asubuhi muto unatoa ukungu. Bado hatujafika Nyangwe, ukungu ukashuka. Shemeji alisimama mbele ya bato na mimi sikumuona tena, nilisikia kikohozi chake tu. Na ilikuwa siku ya soko. Pande zote ndani ya weupe ule tulisikia makasia na sauti za wanawake wanaopeleka mihogo na mafuta ya mawese sokoni.

Mukubwa akasugua mikono. “Vizuri kabisa! Ukungu ndio nilioutaka. Washa.”

Nikawasha. Dakika tatu za kupata joto. Musitari wa kijani ukaanza kuzunguka.

Hakuna kitu.

Hakuna ukingo, hakuna kisiwa, hakuna boya. Kulikuwa na taa kidogo katikati, kama jicho la paka, na giza. Nikageuza kifundo hiki, nikageuza kile. Jasho likanishuka mupaka ndani ya viatu. Kapiteni akaangalia kioo, akaniangalia mimi, akatoka akapiga kelele: nanga! Munyororo ukashuka. Akaamuru kengele ipigwe bila kuacha, ili mitumbwi ijue tuko wapi.

“Hii ndiyo radari?” mukubwa akauliza. “Mimi naona usiku tu.”

Nikaangalia sindano ya kipimo. Sindano ilikuwa pale pale fundi alipoweka alama: nguvu inatoka. Basi kama inatoka na hairudi, imekwama njiani. Nikazima. Nikatoa fizibili mbili, mufukoni, kifungo. Nikasimama mbele ya sanduku, macho chini. Salamu Maria ya kwanza. Ya pili.

“Anafanya nini sasa?” mukubwa akasema. “Anaiombea?”

“Anangoja moto utoke, Bwana,” kapiteni akajibu. “Ndivyo wanavyofanya.”

“Kwa kusali?”

“Mwingine anafanya kwa sigara.”

Sikuharakisha. Ya kumi ilipoisha nilifungua sanduku, nikagusa ndani kwa kijiti cha mti chenye waya, tak!, ule moto wa mwisho ukatoka. Ndani hakuna kilichoungua. Nikafunga, nikapanda mulingoti.

Kule juu nikaona. Mudomo wa anteni umezibwa kabisa kwa rangi ya fedha. Nene. Imepakwa kwa mapenzi.

Nikaita chini waniletee peteroli, kitambaa, maji na sabuni. Aliyevileta ni shemeji mwenyewe. Alipanda mupaka kichwa chake kikafika kwenye magoti yangu, akaangalia ninachoangalia. Tukasema kwa sauti ndogo.

“Shemeji, hii ni kazi yako?”

“Ni yangu. Kuna nini?”

“Hapa hapapakwi.”

“Mimi nilipaka mara mbili.”

“Mara mbili!”

“Ya kwanza haikung'aa.” Kisha akaona uso wangu, akaelewa. “Ee Mungu wangu. Watanifunga?”

“Leta kitambaa.”

Nikaanza kusugua kwa peteroli, polepole, maana kipande kile ni chembamba na kisu hakiruhusiwi. Rangi ilikuwa bado laini, inatoka kidogo kidogo kama uji ulioganda. Nusu ilipotoka, nikasikia mukubwa ametoka nje chini yetu.

“Mwambie awashe! Tuone kama imepona.”

Kapiteni akaita: “Tupa fizibili chini! Tutajaribu.”

Mutu akisemeshwa kwa lugha ya amri tangu utoto, mukono unatii kabla ya kichwa. Nitawaambia ukweli wote: nilifungua kifungo. Shemeji ananivuta suruali, “Wape, shemeji, wape, utatuua wote!” Vidole vyangu vilikuwa vimeshagusa kile kioo. Ndipo nikafikiri vile vidole viwili vya fundi. Anteni ikianza kuzunguka inanipiga kifuani, mimi ni wa majini. Na moto wake unatoka kwenye mudomo huu, na uso wangu uko hapa mbele yake.

Nikafunga kifungo.

“Hapana, kapiteni.”

Kengele ikanyamaza. Hata mupiga kengele alisahau kazi yake.

“Anasema nini?” mukubwa akauliza, na alikuwa amesikia vizuri.

“Anasema hapana, Bwana.”

Sijui kama munaelewa. Neno lile hatukuwa tunalitumia kuelekea juu. Nikaongeza haraka: “Bwana, mutu akiwa juu, fizibili zinakaa na yeye. Mukiwasha nami niko hapa, mutaniua. Zitashuka pamoja na mimi.”

“Sikiliza vizuri,” akasema, pole pole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. “Mashini hii isipoona baada ya wewe kushuka, kesho uko Kabambare na jembe.”

“Ndiyo, Bwana.”

Nikasugua. Loo, nilivyosugua! Kitambaa kikaisha, nikavua shati, nikahamisha fizibili kwenye mufuko wa suruali, nikamaliza kwa shati. Lile lile la pasi. Shemeji ananimwagia maji, anasema “Bismillahi” kwa kila tone, nami nasema Salamu Maria kwa kila duara, na kama kuna anteni iliyooshwa kwa dini mbili duniani, ni ile. Sabuni, maji, kitambaa kikavu. Nikapitisha kidole: safi kama jino la mutoto.

Nikashuka kifua wazi. Nikarudisha fizibili. Nikawasha. Dakika tatu zile sitazisahau.

Musitari wa kijani ukazunguka mara moja, na Lualaba ikatokea!

Yote! Ukingo wa kuume munene kama munyororo wa nanga, ukingo wa kushoto, kisiwa kirefu, maboya yetu matatu kwa musitari. Na mbele yetu, karibu kabisa, mbegu za ulezi, moja, mbili, tano, nane! Nikapiga kelele, wacha nipige, fundi hayupo: “Mitumbwi! Nane! Mbele, mukono wa kushoto, wanakuja juu yetu!”

Kapiteni akavuta kamba ya firimbi. Mukubwa alitia uso wake ndani ya kifuniko cheusi kinachozuia mwanga kwenye kioo, na hakutoka tena. Tulimusikia tu mule ndani: “Huyu! Na huyu! Anageuka, anageuka!” Akakimbia mulangoni kuona kwa macho, na sawa vile mashini ilivyosema, pua ya mtumbwi wa kwanza ikatoka ndani ya ukungu, mama mumoja mnene akiwa amesimama katikati ya mihogo yake.

“Ninyi watu wa bato!” akatupigia kelele. “Munalala katikati ya njia kama kiboko! Na huyu musiyemuvalisha shati, hamuoni haya?”

“Pita, mama, tunakuona!” nikamjibu.

“Unaniona nini? Muume wangu ananiona, yatosha!”

Mitumbwi yote ikacheka. Mukubwa akauliza amesema nini, kapiteni akamutafsiria, na mukubwa akacheka mupaka akavua kofia. Halafu akanigeukia, na kicheko kikaisha.

“Rangi ile. Nani alipaka?”

Shemeji alikuwa mulangoni na ndoo mukononi. Hakusogea. Kumutaja kaka wa muke wangu mbele ya wakubwa, afungwe, nami nirudi nyumbani nile chakula alichopika dada yake? Na kusema uongo, nitasema nini? Nikasema lililo kweli.

“Bwana, ilipakwa juu ya kuja kwako. Kama usingekuja, isingepakwa. Na mimi asubuhi sikupanda kuangalia, nilikuwa napiga pasi. Hilo ni kosa langu.”

Akaangalia mulingoti unaong'aa, bomba linalong'aa, munyororo wa nanga ambao nao ulikuwa umepakwa, pete kwa pete. Akaangalia mikono ya shemeji, yenye fedha mupaka kwenye viwiko. Sidhani kama alikuwa mujinga.

“Basi ni mimi niliyeipaka,” akasema. Akamwambia kapiteni: “Radari inabaki. Na huyu anabaki nayo. Umuandikie karatasi yake leo, si kesho.”

Shemeji akaweka ndoo chini kwa uangalifu mukubwa, kama imejaa mayai. Mimi miguu ilitaka kucheza na nikaikataza.

“Twende Nyangwe,” mukubwa akasema.

“Katika ukungu huu?” kapiteni akauliza.

“Si ndiyo sababu yake?”

Nanga ikapanda. Kapiteni akashika usukani mwenyewe, macho yake kwenye weupe ambao haukuwa na kitu. Bado nilikuwa kifua wazi, uso wangu ndani ya kifuniko cha kioo. Nikasikia Mubelgiji yule asiyependa maneno mengi anauliza nyuma yangu:

“Wapi?”

“Kuume, kapiteni. Kidogo.”

Na bato ikaenda kuume.